Chuma Kikiwa Kimetulia

Fundi aliyenifundisha kuchomelea alikuwa na tabia iliyonichosha sana. Akiunga fremu ya geti, hachomelei kona moja akaimaliza. Anapiga nukta hapa, anavuka kwenda kona inayotazamana nayo anapiga nukta nyingine, anarudi katikati, kisha anazima mashine na kwenda kunywa chai. Akirudi anapima kona kwa kona kwa tepu, anagonga kidogo, ndipo anachomelea sentimita mbili tatu upande mwingine kabisa. Mimi nilitaka tumalize. Nilipomuuliza alijibu bila kuinua kichwa: "Chuma kinavuta, mwanangu." Maneno hayo niliyaelewa siku nilipoachwa peke yangu nikachomelea upande mmoja wote kwa mkupuo. Fremu iliyokuwa imelala sawasawa sakafuni ikanyanyua kona moja mbele ya macho yangu, polepole, kadiri ilivyopoa, na hakuna nyundo iliyoirudisha.

Chuma kinavuta. Fundi wangu aliujua mvuto huo kwa matokeo yake, na hilo lilimtosha kutengeneza mageti yasiyopinda. Lakini wapo watu ambao kazi yao ni kuuliza zaidi: kinavuta kwa nguvu kiasi gani, sehemu ipi, kuelekea wapi, tena ndani ya kipande kilichokwisha kupoa, kilichonyooka, kisicho na ufa, kilicholala mezani kama vile hakuna lolote linaloendelea ndani yake. Mvuto huo unaobaki ndani ya chuma baada ya kazi kwisha, bila mzigo wowote kutoka nje, nitauita mkazo masalia. Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia jinsi unavyopimwa katika vipande vya chuma vinavyochapwa na mashine, tabaka juu ya tabaka, na kadiri ninavyosoma ndivyo heshima yangu kwa wapimaji hao inavyozidi.

Wenyeji wa Mufindi na Njombe, kwenye mashamba ya miti, wanaufahamu mkazo huu hata kama hawajawahi kuupa jina. Gogo la mkaratusi likiangushwa huanza kupasuka vichwani, nyufa zikitoka kwenye moyo wa gogo kuelekea kwenye gome. Likifikishwa kwenye msumeno, ubao unaoachana na gogo hujikunja kwenda nje, na mara nyingine mti huubana msumeno usisogee. Unyevu una sehemu yake, lakini si wote. Mti hukua kwa kujivika tabaka jipya chini ya gome, na kila tabaka likikomaa hutaka kufupika kwa urefu wake. Haliwezi, kwa kuwa limeshikana na mti wa jana. Basi linabaki linavuta, mti wa ndani unabaki umegandamizwa, na tabaka la kesho litaongeza lake. Mkaratusi umesimama wima, unapunga majani, na ndani yake umebeba ugomvi ambao pande zote mbili zina nguvu sawa. Msumeno ukiuondoa upande mmoja, wa pili unajitokeza.

Chuma kinachochapwa hukua vivyo hivyo, ila kwa saa badala ya miaka. Mashine hutandaza unga wa chuma ambao chembe zake ni za mikrometa 15 hadi 45, nyembamba kuliko unywele. Leza hupita juu yake ikiuyeyusha mstari kwa mstari, unga unaganda, sahani ya chini inashuka mikrometa 20 hadi 60, unga mwingine unatandazwa. Kipande chenye kimo cha milimita 12.5, kikichapwa kwa tabaka za mikrometa 20, kina tabaka 625, na kila moja imeyeyuka na kuganda juu ya nyingine iliyokwisha kupoa.

Chukua chuma cha pua cha aina ya 316L, kinachotumika sana katika uchapaji huu. Huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,375 za Selsiasi. Kikipoa kwa nyuzi elfu moja, fimbo yake ya mita moja hutaka kufupika kwa milimita 17 au zaidi. Tabaka jipya haliruhusiwi kufupika, kwa kuwa limeshikwa na lile la chini yake. Na chuma hicho kikishapoa kinaweza kuvutwa milimita mbili na nusu hivi tu kwa kila mita kisha kikarudi kama kilivyokuwa. Ukizidisha, kinanyooka na hakirudi. Kwa hiyo tabaka hunyooshwa kwa nguvu likiwa bado la moto na laini, na linapokuwa gumu linabaki limevutwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Hesabu hiyo fupi imenitosha kuamini kwamba hapa hakuna wa kulaumiwa. Mkazo huu unazaliwa na njia yenyewe ya utengenezaji.

Mwaka 2018 taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilichapa vidaraja vidogo vya urefu wa milimita 75 na upana wa milimita 5, vyenye miguu kumi na miwili, vingine kwa aloi ya nikeli na vingine kwa chuma cha pua cha aina ya 15-5. Nia ilikuwa kuwapa wataalamu wa kompyuta mtihani: wabashiri kitakachotokea, kisha walinganishe na vipimo. Miguu ikakatwa kutoka kwenye sahani ikabakizwa ya mwisho mmoja tu, na kidaraja kikanyanyuka. Hakuna aliyekisukuma. Kilifanya kile kile ilichofanya fremu ya geti langu, na kile unachofanya ubao wa mkaratusi.

Kupinda ndiko kunakoonekana, na kwa hiyo hakutishi sana. Kinachotisha ni kipande kisichopinda. Pampu, bawa la tabo, kiungo cha ndege, vyote hubeba mzigo wa kazi, na mzigo huo hujumlishwa na mvuto uliokuwamo tangu siku ya kuchapwa. Ufa huanzia pale jumla inapokuwa kubwa, mara nyingi usoni, ambako chuma kilichochapwa huwa kimevutwa zaidi. Ndiyo maana vipande hivi huingizwa tanurini vikiwa bado vimeshikana na sahani, ili mkazo ulegee kabla ya kukatwa. Lakini umelegea kiasi gani? Tanuri halisemi. Lazima mtu apime.

Na hapa mtu hana budi kulikubali jambo moja lililonichukua muda kulizoea: mkazo haupimwi. Hakuna chombo kinachouona. Kinachoonekana ni urefu peke yake, jinsi sehemu fulani ilivyorefuka au kufupika, na urefu huo ndio unaogeuzwa kwa hesabu kuwa nguvu, kwa kujua ugumu wa chuma. Chuma kikiwa kimevutwa kwa sehemu moja tu ya elfu mbili ya urefu wake, tayari kimebeba mkazo wa megapaskali 100 hivi. Hiyo ni kama tani moja kukalia eneo la ukucha wa kidole gumba. Kazi yote, basi, ni kupima umbali mdogo mno, na kujua kwa hakika ulikuwa kiasi gani kabla ya kuvutwa. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu, nami nitairudia.

Njia ya kale ni kukata na kutazama. Mrusi Kalakutsky aliichapisha mwaka 1888, akiwa na wasiwasi juu ya mizinga. Mwaka 1934 Josef Mathar, Mjerumani, akapendekeza kukata kidogo zaidi: toboa tundu dogo tu, kisha upime jinsi chuma kinachozunguka tundu kilivyosogea. Njia hiyo bado inatumika, tena sana. Kibati chembamba chenye nyaya tatu za kupimia hugundishwa juu ya chuma, tundu la milimita mbili hivi hutobolewa katikati yake kwa kikeekee cha mwendo wa kasi kinachozungushwa na hewa, na mtu hushuka hatua kwa hatua, sehemu ndogo za milimita, akisimama kila hatua kusoma namba. Kwenye chuma kilichochapwa kuna kikwazo kinachonipa mawazo kila nikikifikiria. Uso wake ni wa mikwaruzo, umejaa chembe zilizoyeyuka nusu, na kibati hakishiki juu ya uso wa namna hiyo. Ukiusugua uwe laini, unauondoa uso ule ule uliokuja kuupima, na msasa unaacha mkazo wake mwenyewe. Basi mpimaji husugua kwa mkono, kidogo kidogo, na kuandika kwenye daftari ameondoa kiasi gani. Ripoti yake itasema hivyo.

Ninayoipenda kuliko zote ni njia iliyobuniwa na Michael Prime wa maabara ya Los Alamos, Marekani, naye akaichapisha mwaka 2001. Wazo lake unaweza kulieleza kwenye kijiwe cha kahawa. Kata kipande katikati kwa mkato ulionyooka kabisa. Kama ndani hakukuwa na mkazo, nyuso mbili za mkato zitakuwa bapa. Kama ulikuwapo, sehemu iliyokuwa imegandamizwa itavimba kidogo, na iliyokuwa imevutwa itabonyea. Pima milima na mabonde hayo. Kisha, ndani ya kompyuta, usukume uso huo urudi kuwa bapa. Nguvu inayohitajika kuurudisha, nukta kwa nukta, ndiyo iliyokuwapo kabla ya mkato. Nilipolisoma wazo hili mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani. Mkato mmoja, na unapata ramani ya mkazo wa eneo zima la katikati, mahali ambapo jicho halijafika.

Lakini wazo ni jepesi, utendaji ndio unaodai mkono. Kipande hufungwa kwa klampu pande zote mbili za mstari wa mkato, na klampu hizo ni nzito kupita unavyodhani inahitajika. Sababu yake ni nzuri. Mkato ukisonga mbele, chuma kilichoachiwa hutaka kufunguka au kufunga, na chuma kilichopo mbele ya waya unaokata kinanyooka kabla hakijakatwa. Waya unapokifikia, unakata kitu ambacho si kile kilichokuwapo mwanzo, na kosa hilo haliwezi kufutwa baadaye. Hivyo mpimaji hufunga kwa nguvu, na hufungia kila kitu kikiwa na joto sawa na maji yatakayokizunguka, ili klampu zenyewe zisiingize mvuto mpya.

Waya ni wa shaba na zinki, unene wake robo ya milimita au pungufu. Haukigusi chuma. Umeme unaruka kati yake na chuma kwa cheche ndogondogo ndani ya maji yaliyosafishwa, na kila cheche inakula chembe. Unapita mara moja tu, kutoka kwenye gurudumu la juu kwenda la chini, na uliokwisha kupita hautumiki tena, kwa kuwa umeliwa nao. Mashine inaweza kuachwa ikate saa nyingi, na anayeiangalia anaomba jambo moja: waya usikatike. Ukikatika katikati ya kipande utaunganishwa na kazi itaendelea, lakini pale ulipokatikia patabaki alama usoni, na alama hiyo itasomeka kama mkazo ambao haukuwapo. Kipande hakikatwi mara mbili.

Nusu mbili zikitoka majini hukaushwa na kuachwa zizoee joto la chumba. Ndipo huguswa kwa ncha yenye kitufe cha rubi, nukta baada ya nukta, maelfu ya nukta, kila moja ikiandikwa kimo chake. Tofauti kati ya mlima mrefu na bonde la chini mara nyingi ni makumi ya mikrometa. Weka karatasi moja ya daftari kando yake: karatasi ni nene zaidi. Na sasa linakuja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ufundi huu. Nusu zote mbili hupimwa, wala si moja, kisha vimo vyake hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili. Kama waya uliyumba, nusu moja itakuwa na mlima mahali ambapo nyingine ina bonde, na mlima na bonde vitafutana. Mkazo wa kweli huonekana kwenye nusu zote mbili kwa namna moja. Mtu amejenga ndani ya kipimo chake njia ya kujisahihisha, bila kumwomba mtu yeyote amwamini kwamba mkono wake haukutetemeka.

Hata hivyo, kuna pahala ambapo hakuna mashine ya kumwamulia mpimaji. Cheche zinaacha uso wenye vishimo, kama ganda la chungwa ukilitazama karibu sana, na vishimo hivyo lazima vilainishwe katika hesabu kabla ya kuendelea. Akilainisha kidogo, kelele zinabaki na kompyuta inazigeuza kuwa mikazo ya ajabu. Akilainisha mno, anaufuta mkazo wenyewe, hasa ule wa karibu na kingo, ambao ndio mkubwa. Wapimaji wazuri hujaribu viwango vingi, hutazama matokeo yanaanza kuyumba wapi, na hueleza walichochagua na shaka iliyobaki. Namba inayotolewa bila shaka yake siiamini tena, na tabia hiyo nimejifunza kwao.

Kukata kuna gharama moja isiyolipika: kipande kimekwisha. Kwa anayetaka kujua na kubaki na kitu chake, kuna njia ya pili, ya kusoma umbali kati ya atomu zenyewe.

Chuma ni fuwele, atomu zake zimejipanga kwa mistari. Aliyewahi kupita kwa basi kando ya mashamba ya mkonge ya Korogwe anajua jinsi mistari inavyofunguka mbele ya dirisha: kwa pembe fulani unaona hadi mwisho wa shamba, basi likisogea mistari inafungika, kisha inafunguka tena kwa pembe nyingine. Pembe hizo zinategemea umbali kati ya mstari na mstari. Mwaka 1912 kijana wa miaka 22, William Lawrence Bragg, alionyesha kanuni inayofanana na hiyo kwa eksirei na fuwele: mawimbi hurudi kwa nguvu katika pembe fulani tu, na ukiijua pembe unaujua umbali. Miaka mitatu baadaye yeye na baba yake wakapewa Tuzo ya Nobel. Chuma kikivutwa, umbali kati ya mistari ya atomu unaongezeka kidogo, na pembe inasogea kidogo. Ni kidogo hasa. Mpimaji wa mkazo hutaka kugundua badiliko la sehemu 50 kwa milioni, sawa na kuona kwamba barabara ya kilomita moja imerefuka kwa sentimita tano.

Eksirei za maabara za kawaida huishia kwenye mikrometa chache za uso wa chuma. Nyutroni, aliyoigundua James Chadwick mwaka 1932, haina chaji ya umeme, kwa hiyo inapita katikati ya mawingu ya elektroni bila kusimamishwa na kuingia sentimita kadhaa. Ndiyo maana kazi hii hufanyika kando ya vinu vya nyuklia vya utafiti na mashine kubwa za namna hiyo: Grenoble nchini Ufaransa, Oxfordshire nchini Uingereza, Oak Ridge nchini Marekani. Bara letu nalo lina mahali pake. Pelindaba, magharibi ya Pretoria, kuna kinu cha SAFARI-1 cha megawati 20 kilichowashwa mwaka 1965, na hapo kuna chombo cha kupimia mkazo kiitwacho MPISI. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, lakini kwa Kizulu zinasomeka impisi, yaani fisi, neno letu lile lile lililopita njia nyingine. Jina limempata mwenyewe, ila fisi huyu anafika kwenye uboho bila kuvunja mfupa.

Mwali wa nyutroni hupitishwa kwenye kidirisha kidogo, na zile zinazorudi hupitishwa kwenye kidirisha kingine kabla ya kufika kwenye kinasa. Pale njia mbili zinapokutana ndani ya chuma kuna mchemraba usioonekana, tuseme wa milimita mbili kila upande. Habari hutoka kwenye mchemraba huo peke yake. Mchemraba hausogei, kinachosogezwa ni chuma. Mpimaji huanza kwa kuutafuta uso wa kipande gizani: anakisogeza taratibu kuingia kwenye mchemraba, na idadi ya nyutroni inapanda kutoka karibu na sifuri. Ikifika nusu ya kupanda, hapo ndipo penye uso. Kuanzia hapo huhesabu kuingia ndani.

Na hungoja. Ndani ya chuma nyutroni hupungua kwa nusu kila milimita sita hivi, kwa hiyo zikipaswa kusafiri milimita 60 kwenda na kurudi, haifiki hata moja kati ya elfu. Nukta moja inaweza kuchukua dakika chache au saa nzima. Kisha kipande lazima kigeuzwe, kwa sababu mkazo una pande tatu, na nukta ile ile irudishwe ndani ya mchemraba ule ule bila kukosea zaidi ya sehemu ndogo ya milimita. Huko Grenoble chombo cha SALSA huweka kipande juu ya meza yenye miguu sita inayorefuka na kufupika, ili kiweze kuinamishwa kwa namna yoyote.

Chuma kilichochapwa kinawasumbua kuliko chuma cha kawaida. Joto linalokimbilia chini hukuza chembe ndefu zinazosimama wima, zikielekeana, kiasi kwamba upande mmoja unatoa nyutroni kwa wingi na mwingine unatoa chache. Pale chuma kinapojengwa kwa waya na moto wa kuchomelea, kama daraja la watembea kwa miguu la mita 12 lililofunguliwa Amsterdam mwaka 2021, chembe zinaweza kuwa kubwa hadi mchemraba mzima uwe na chache tu. Hapo mpimaji hutikisa kipande nyuzi chache huku na huku akihesabu, apate chembe zaidi za kushuhudia. Na kwa vyuma vingine, kama ile 15-5 ya vidaraja vya NIST, fuwele zenyewe hubadilika umbo wakati wa kupoa na kuvimba kidogo, uvimbe unaoweza kumeza sehemu ya mvuto. Ukiwa umezoea 316L, huwezi kuhamishia mazoea yako huko.

Subira hii imezaa matunda ambayo fundi wangu angeyatambua. Mwaka 2014 watafiti wa maabara za Lawrence Livermore na Los Alamos walichapisha vipimo vya nyutroni vya vipande vya 316L. Leza ilikuwa imechora kila tabaka kwa visiwa vidogo vya mraba, ikirukaruka kutoka kimoja hadi kingine badala ya kufagia tabaka lote kwa mkupuo. Walipovipunguza visiwa ukubwa, mkazo ulipungua. Walipovigeuza nyuzi 45 kutoka kwenye ukuta wa kipande, ulipungua pia. Nilipolisoma hilo nilimwona yule mzee akipiga nukta hapa, akivuka kwenda kona ya pili, akizima mashine.

Sasa nirudi kwenye lile gumu. Kila nilichokisema juu ya nyutroni ni kulinganisha. Kusema mistari ya atomu imetanuka kwa sehemu 500 kwa milioni ni kudai kwamba unajua umbali wake ikiwa imetulia. Nani amewahi kukiona chuma hiki kikiwa kimetulia? Kilizaliwa kimevutwa. Unga uliobaki kwenye mashine hausaidii sana, kwa kuwa haukupitia moto ule ule mara zile zile, na atomu za kaboni, nitrojeni na nyinginezo hazikujipanga kwa namna ile ile. Mabadiliko hayo peke yake huweza kusogeza umbali wa atomu kwa kiasi kinachofanana na mkazo. Ukikosea kipimo hiki cha utulivu kwa sehemu moja tu kwa elfu kumi, na kosa likaingia pande zote tatu, mkazo wote unahama kwa megapaskali 50 hivi. Nusu tani juu ya kila ukucha, kutoka kwenye kosa ambalo hakuna jicho linaloweza kuliona.

Ipo mizani ya kujikagulia. Kipande kikiwa kimekaa chenyewe, mivuto na migandamizo yote katika mkato mmoja lazima ijumlike kuwa sifuri, maana vinginevyo kingekuwa kinasogea. Mpimaji makini hujumlisha. Jumla ikikataa, hafichi. Anarudi kutafuta kosa. Lakini mizani hii inahitaji nukta za kutosha kutoka ukingo hadi ukingo, na karibu na ukingo mchemraba huwa umejaa nusu tu, nusu chuma na nusu hewa, na namba zake hudanganya.

Basi huchapwa kipande pacha, kwenye sahani ile ile, siku ile ile, kwa unga ule ule. Pacha huyu hapimwi mkazo wake. Hukatwa kwa waya wa cheche kuwa michemraba midogo ya milimita tatu au tano, kwa sababu kipande kikishakuwa kidogo kiasi hicho hakina tena wa kuvutana naye, na ule ugomvi mkubwa umeisha. Kila mchemraba huandikwa namba ya mahali ulipotoka, na kuchorwa mshale wa upande uliokuwa ukitazama juu. Kisha michemraba hugundishwa tena kwa mpangilio ule ule iliokuwa nao, safu kwa safu, kwa gundi.

Siku za kutumia mwali ni chache na huombwa mapema. Ni muda unaothaminiwa kila dakika. Na bado mpimaji hutenga sehemu yake, mara nyingi usiku, kwa ajili ya michemraba hii isiyo na mkazo wowote. Huiweka juu ya meza, huuingiza wa kwanza kwenye mwali, hufunga mlango mzito wa chumba, na kuanza kuhesabu upya: upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha mchemraba unaofuata.